Mkasi wa Mama

Nimewahi kuwakasirikia watu wengi, lakini sijawahi kukikasirikia chuma kama nilivyoukasirikia mkasi wa mama.

Mama yangu, Susan, alishona nguo Siakago miaka thelathini na mmoja, kwenye kibanda kile kile karibu na soko. Mgongo ulipomshinda mwezi wa Januari, alinikabidhi cherehani, meza na mkasi, akaenda kukaa nyumbani. Cherehani ilinikubali. Mkasi ulinikataa. Ukiweka kitambaa katikati ya makali yake, kinakunjika na kulala humo ndani kama mtoto aliyeshiba. Kikikatika, kimetafunwa, na nyuzi zinaning'inia.

Usiniulize kama niliunoa. Niliupeleka Gachoka kwa Nyamu, mzee anayewanolea watu mapanga. Akaunoa, akanyoa vinywele vya mkono wake kwa makali ya upande mmoja, kama anavyojaribu panga, akanirudishia.

"Hii makasi sasa inaweza kunyoa askofu," akasema.

Nikarudi Siakago, nikajaribu kitambaa. Kikakunjika.

Nikaenda kwa Kivuti, fundi wa viatu jirani yangu. Yeye alisema shida ni skrubu ya katikati, imelegea. Akaikaza hadi mkasi ukawa haufunguki bila mikono miwili. Ukakata kidogo, sikatai, lakini kufikia saa sita kidole changu gumba kilikuwa na lengelenge kubwa kama haragwe, na skrubu ilikuwa imelegea tena. Nikatia mafuta. Nikakata msasa, maana niliambiwa msasa hurudisha makali. Nikanunua mkasi mpya, ukapinda wiki ya kwanza tu kwenye kitambaa kizito. Kila jioni nilimlalamikia mama, na kila jioni aliutazama ule mkasi mapajani mwangu, akasema, "Utauzoea tu."

Kisha akaja Shangazi Rwamba, dada mkubwa wa marehemu baba, ambaye ndiye mwenyekiti wa akina mama kanisani. Walikuwa wamenunua kitambaa cha buluu cha sare zao, kilichopimwa kamili, bila hata shubiri ya ziada, na sare zilitakiwa Jumapili. Ya kwanza niliiharibu mgongoni. Jumanne shangazi alikiinua kile kipande mbele ya wateja wawili.

"Wawira, hii ilikatwa na makasi ama ilikulwa na mbuzi?"

Wateja wakacheka. Mimi sikucheka.

"Kesho nakuja na mama yako," akasema. "Ukiharibu ingine nikiangalia, material yote napeleka Embu. Na watu wa kanisa hawatarudi hapa, nisikudanganye."

Bila watu wa kanisa, kibanda kile kingefungwa kabla ya Krismasi. Mimi nilijua, na yeye alijua.

Kesho yake wakaja. Mama akaketi kwenye kiti cha plastiki. Shangazi alilazimika kujibana pembeni ndipo aone, kwa sababu meza ya mama imeelekea ukutani tangu zamani. Fundi akikata, mteja anaona mgongo wake tu. Utotoni niliambiwa ni kwa sababu ya mwanga, ingawa ukuta huo hauna dirisha.

Nikachora kwa chaki, nikaingiza mkasi. Kitambaa kikakunjika. Nikakichomoa, nikaingiza tena. Kikakunjika. Machozi ya hasira yakanijaa, nikautupa mkasi mezani.

"Si mimi. Ni hii makasi."

"Mama yako ameshonea Siakago yote na makasi hiyo hiyo," shangazi akasema. "Wanasema mtoto wa nyoka ni nyoka. Huyu sijui ni wa nani."

Mama akainuka, polepole kwa ajili ya mgongo. Akafika mezani, akatazama mlangoni, akamtazama shangazi. Kisha akauchukua mkasi kwa mkono wa kushoto.

Sikuwa nimemwona mama akitumia mkono huo kwa jambo lolote la maana. Alikula kwa mkono wa kulia, akasalimia kwa kulia, akapokea chai kwa kulia. Sasa mkasi ulipita kwenye mstari wa chaki, kutoka bega hadi pindo, kwa mlio ule ule niliousikia utotoni nikiwa nyuma ya mgongo wake. Ukingo ulikuwa safi.

"Nilipewa na sista wa misheni," akasema bila kuinua macho. "Imetengenezewa mtu wa kushoto. Ukishika na kulia, vidole vinaachanisha makali, hata ikinolewa namna gani."

Nikawaka. "Miezi tisa, mama. Nimeenda Gachoka mara nne. Umeniona na vidonda. Ungeniambia tu."

 Mama alimgeukia shangazi.

"Ile wiki niliolewa, nilipakulia mama yenu chakula na huu mkono. Akamwaga. Ulikuwa hapo, Rwamba. Akasema kwake hakuna mtu atakula kitu imetoka mkono wa kushoto. Nikasema basi, hakuna mtu atauona tena."

 Nilimwona shangazi akiitazama sketi yake mwenyewe, ambayo mama aliishona, kama alivyoshona nguo zake zote.

"Hata ile nguo mlimzika nayo mama yenu," mama akasema, "nilikata na huu."

 Nje mtu alikuwa akiuliza bei ya ndengu. Mwishowe shangazi akauweka mkoba wake sakafuni na kushika pembe moja ya meza.

"Wawira, shika huko," akasema. "Hii meza inaangalia ukuta ya nini?"

Nilikuwa na hasira na mama, na hata leo haijaisha yote. Lakini nilishika, tukaigeuza meza, ikaelekea barabarani.