Mpishi wa Msafara

Alikuwa kwenye mzunguko wa nne alipoitwa akapike chai.

Ilikuwa Jumamosi mchana, mtaa wa Hillbrow, ukumbini chini ya ghorofa. Watu kumi na tisa walikuwa wakijifunza umra kwa kuizunguka meza iliyofunikwa shuka jeusi, hiyo ndiyo Kaaba yao. Chiku, msusi wa mtaa jirani wa Yeoville, alizunguka machozi yakimlengalenga. Mwanawe alizaliwa njiti, na siku alizolala kwenye mashine ya joto, mama mtu aliweka nadhiri: ukiniachia huyu, ya Rabi, nitakuja nyumbani kwako kushukuru. Sasa mtoto anakimbia. Kamwachisha ziwa wiki iliyopita kwa ajili ya safari, na kifua bado kinamwaka.

"Chiku, toka huko," alisema Ustadh Mwadini, kiongozi wa msafara. "Kawapikie watu chai."

"Nikimaliza saba, ustadh."

"Hizo saba hazikuhusu sana. Kule utakuwa jikoni. Nimeshakuandika."

Akamgeuzia daftari. Wenzake wote wameandikiwa vyumba. Yeye kaandikiwa jiko. Nauli kalipa sawasawa na wao, na kuulizwa hakuulizwa.

"Nani kakwambia naenda kupika?"

"Pilau yako ya Maulidi nani haijui? Na kuwahudumia wageni wa Mungu, dada yangu, thawabu zake hazina kipimo."

"Basi zichukue wewe. Mimi nakuachia zote."

Mtu mmoja nyuma akaachia eish ya mshangao, akajikoholesha. Mayasa, mke wa ustadh, akamshika Chiku mkono.

"Subira, mdogo wangu. Mimi nimekwenda mara tatu, nimepika mara tatu. Safari hii ndiyo magoti yamekataa."

"Na Msikitini ulikwenda mara ngapi, da Mayasa?"

"Siku ya kwanza ya kila safari. Baada ya hapo nilikuwa nasikia adhana tu."

Hapo hasira ikampanda Chiku mpaka masikio yakavuma.

"Usituvurugie nia," alisema Mwadini. "Nafasi yako ina watu wanaililia. Kama hutaki, sema, nikurudishie pesa zako."

Chiku alijua anaweza kuachwa kweli. Hakurudi nyuma.

"Pesa sitaki. Futa jiko, niandikie chumba. Hapa hapa, watu wakiona."

"Na watu wale nini?"

"Mko kumi na wanane, nyote mna mikono. Siku ya zamu yangu nitapika, kama mwenzangu yeyote."

Mwadini kalamu hakuinyanyua. Aliyeinyanyua ni Mayasa. Alilivuta daftari kutoka mikononi mwa mumewe, akakaa nalo, akaliweka juu ya mapaja.

"Zamu ya kwanza naandika jina lako, baba watoto."

"Mimi sijui kupika."

"Utajua. Safari bado wiki sita, na mafunzo ndiyo haya."

Watu wakaangua kicheko. Chiku hakucheka. Alisimama palepale akiliinamia daftari mpaka akaliona neno jiko limekatwa, ndipo akarudi kuzunguka.