Sauti Tuliyoitoa Kwenye Friji

Mdogo wangu alifariki mwaka juzi, lakini hajatoka nyumbani kwangu. Yuko jikoni, kwenye friji, na kila linaponguruma namsikia. Cheka ukitaka. Binti yangu alicheka pia, kisha akaninunulia friji jipya lisilo na kelele, na siku ya pili nikamsikia mjomba wake kwenye transfoma iliyo nje ya geti.

Tulimwita Waya, kwa sababu tangu utotoni hakuweza kupita penye waya bila kuugusa. Baba alikuwa fundi wa mafriji, na bendi yetu ilizaliwa kwenye karakana yake, katikati ya mitungi ya gesi na milango iliyong'olewa. Tulikuwa wawili tu. Mimi niliimba na kupiga kinanda cha umeme. Waya aliendesha mashine ya ngoma na vidude alivyoviunganisha mwenyewe kutoka kwenye redio mbovu. Bendi tukaiita Karakana, maana ubunifu wetu wa majina uliishia hapo.

Kinanda chetu cha mtumba kilikuwa na kitufe nyuma, cha kuzungusha ili kupandisha au kushusha noti zote kwa pamoja. Wanamuziki wenye akili zao hukiweka katikati wakakisahau. Waya hakujua hilo. Aliegemeza sikio kwenye friji kubwa la bucha ambalo baba alikuwa amelitengeneza na kuliacha likiwaka kwa majaribio, akazungusha kitufe mpaka kinanda kikaimba sawa na mngurumo ule.

"Dada, sasa kimekaa," akasema.

Mimi, niliyefundishwa na kwaya ya shule, nilimwambia amekipandisha, hakitalingana na chombo chochote duniani. Akaniangalia kwa ule upole wake uliokuwa ukinikera.

"Kitalingana na nyumba za watu."

Tulirekodi kaseti tatu hivyo hivyo. Watu wakasema nyimbo zetu zinawafuata. Wakizima redio bado wanazisikia jikoni. Wengine waliapa kwamba tumezifanyia uganga. Uganga gani? Umeme wa ukutani hunguruma kwa noti moja nchi nzima, na kila friji lililochomekwa lilikuwa likishika noti yetu ya kwanza, basi.

Siku mwenye studio alipouliza nani ametunga sauti ile, ili aandike kwenye jalada la kaseti, Waya hakuwepo. Tulikuwa tumegombana juu ya wimbo mmoja, hata sikumbuki upi. Damu ilikuwa ikinichemka. Nikaandika jina langu, na chini yake "fundi wa mitambo", bila jina lolote. Waya alipoliona jalada alilisoma mbele na nyuma, akalirudisha kwenye kasha, akaendelea kuchomelea. Kwa miaka ishirini na sita hakuligusia, nami nikajipa moyo kwamba amenisamehe. Sijui kama alinisamehe. Sikuwahi kumuuliza, na hilo ndilo linaloniua.

Mwaka huu Jumba la Heshima la Muziki, linalohifadhi majina ya wanamuziki wakubwa, likaniita nieleze mbele ya kamati kwa nini Karakana iingizwe. Nilimpigia katibu simu kumuuliza habari za marehemu.

"Mama, wanaingia walioandikwa kwenye jalada tu," akasema. "Ukija kutuambia jalada ni la uongo, kamati inaweza kuiondoa bendi nzima. Fikiria."

Nilifikiria. Kisha nikaenda kwa wifi yangu, mjane wa Waya, nikitumaini ataniambia niache mambo ya kale yalale. Alikuwa anakunja nguo.

"Wewe nenda tu, wifi," akasema. "Ila watoto wameniuliza baba yao alikuwa nani kwenye bendi. Nimewaambia wamuulize shangazi yao."

Kamati ilikaa saa nne asubuhi: mwenyekiti, katibu, na mpiga tarumbeta mstaafu mwenye masikio makubwa na uso wa mtu aliyekwisha kuchoshwa na muziki wa mashine. Pembeni palikuwa na kifriji cha soda. Nilikuwa nimejiandalia hotuba ya kujisifu kwa kwenda mbele. Kifriji kikawaka, na hotuba yote ikanitoka kichwani.

Nikafungua simu, nikawachezea nyimbo tano za vijana wa leo, ile inayopigwa harusini na ile ya tangazo la sabuni zikiwemo. Nikamuuliza mzee wa tarumbeta ziko kwenye noti gani. Akasikiliza, akakunja uso.

"Hazipo popote. Zote zimepanda kidogo."

"Kwa kiasi kimoja?"

"Kimoja," akasema, na sasa alikuwa ameketi wima.

Nikawaeleza. Vijana hukata vipande vya kaseti zetu na kuvitia kwenye nyimbo zao, kisha hulazimika kupandisha vinanda vyao vilingane navyo. Wanaowaiga hupandisha pia, bila kujua kwa nini. Watoto ambao hawajawahi kulisikia jina la Karakana wanalifuata friji la bucha wakidhani ndiyo sheria ya muziki. Kama hilo si sababu ya kuiheshimu bendi, sijui sababu ni ipi.

Kisha nikauwasha tena wimbo wa mwisho, nikamwomba katibu achomoe kifriji. Wimbo uliendelea, lakini kitu kiliondoka chini yake, na chumba kikawa kama nyumba iliyotoka kuhamwa.

"Rudisha," mwenyekiti akasema kwa sauti ya chini. Katibu akachomeka haraka. "Kilichoondoka ni nini, mama?"

"Mdogo wangu," nikasema, na machozi yakanitoka bila kuniomba ruhusa. "Jalada lile ni la uongo. Sauti ile aliitunga yeye. Niliyemfuta ni mimi, kwa hasira ya siku moja. Mkitaka kuiondoa bendi, iondoeni, lakini andikeni kwamba alikuwepo."

Katibu aliweka kalamu chini. Mzee wa tarumbeta aliuliza bila ukali.

"Na wewe, mama, kazi yako kwenye bendi ilikuwa nini?"

Ningeweza kusema niliimba, na ingekuwa kweli.

"Niliandika majina," nikamjibu.