Akaunti Isiyo na Mwenyewe

Mtu akitaka kujua woga unavaa nini siku hizi, aje atazame chumba cha seva cha kiwanda chetu cha viatu. Woga unavaa kitambulisho shingoni na sweta juu yake, maana humo kiyoyozi hakizimwi. Watu wa chumba cha gundi wanakohoa hadi macho yanawatoka, feni yao imekufa na hakuna aliyeizika. Lakini mashine ya barua pepe haitakiwi kutoka hata jasho.

Humo tulikuwa wanne. Vyeti, ambaye ukuta wake umejaa fremu utadhani studio ya picha. Mafua, ambaye kila kwenye jambo zito huumwa. Sawa-Bosi, jina lake linamtosha. Na mimi, fundi wa kuvuta nyaya niliyejifundisha mengine kwa kuharibu na kutengeneza. Wao waliniita Wakili, kwa dhihaka, kwa kuwa sijui kunyamaza.

Siku watu wa gundi walipoweka zana chini kudai barakoa, niliwafuata hawa watatu waje wasimame nasi getini. Vyeti akasema kuna kazi anaipakua, haiachiki. Mafua akapiga chafya. Sawa-Bosi alikuwa dirishani anawatazama waliosimama, ili akiulizwa awe na la kujibu. Miaka imepita, wenyewe wamesahau. Mimi sikusahau. Mwenye kovu usidhani kapoa.

Sasa tukaletewa mkufunzi. Kampuni ilikuwa imenunua seva mpya ya barua pepe, na uongozi ukaamua tufundishwe kuisimamia kitaalamu, kana kwamba ile ya zamani tulikuwa tunaisimamia kiuganga. Mkufunzi alikuja na tai na projekta, akawa anatusomea ukutani maneno ambayo sote tuliyaona.

Jambo moja tu alilitilia mkazo. Tangu zamani tulikuwa na akaunti moja ya msimamizi, ya wote, nenosiri lake limebandikwa chini ya kibodi. Ukifuta kitu, ukifungua kitu, seva inaandika kwamba aliyefanya ni "msimamizi". Msimamizi ni nani? Hakuna. Ni shetani. Makosa yote ya chumba kile yalifanywa na shetani huyo, na wenzangu walimpenda kama mjomba.

"Hii mnaifunga leo," mkufunzi akasema. "Kila mtu aingie kwa jina lake."

Meneja utawala, aliyekuwa amekuja kufungua mafunzo, akafurahi mno. "Safi kabisa. Nataka kila mtu abebe mzigo wake." Akatia saini pale pale, akaunti ikafungwa.

Jioni nikapita kwa mdogo wangu, karani wa stoo. Nilimkuta anakunja nguo za watoto, anazikunja na kuzikunjua.

"Kaka, hayo mafunzo yenu, mnafundishwa na kufungua sanduku la barua la mtu?"

"Kwa nini?"

"Nimeandika kwa wakaguzi wa kazi kuhusu gundi. Wanakuja wiki ijayo. Meneja amejua kuna mtu kaandika, na leo kaniangalia vibaya."

"Umeandika peke yako?"

"Watu wa gundi walinitumia maelezo yao. Nani anakohoa damu, nani mimba yake iliharibika. Walinitumia kwa barua pepe ya kazini, wengi wao hawana nyingine."

Nikamkalisha chini kwa maneno. Nani alimtuma afiche siri za wenzake kwenye kabati la tajiri?

"Nimeshafuta," akasema.

"Kufuta ni kushusha pazia tu. Seva inaweka nyuma kila ulichofuta, anayejua pa kuinua anainua."

Akaacha kukunja. "Basi wakilifungua, wale wameshapoteza kazi kabla mkaguzi hajafika. Na walioniamini ni wao, si wewe. Usinigombeze, kaka. Fanya kitu."

Nikaenda kutayarisha hotuba ya kuwaomba wale watatu wasilifungue. Nilikuwa na mahali pa kuwakumbusha jasho la nani linalipa kiyoyozi chao, na mahali pa kuwauliza watoto wao wanavaa viatu vya nani.

Kesho yake meneja akaingia katikati ya somo, akavuta kiti mbele.

"Mkufunzi, vijana wafanye zoezi la kweli. Wafungue sanduku halisi, waone kilichomo na kilichofutwa." Akajifanya anatafakari. "Tuseme... la yule dada wa stoo."

Nikasimama na hotuba yangu mdomoni, nikawatazama wenzangu nione pa kuanzia. Vyeti analainisha tai. Mafua kashaitoa leso. Sawa-Bosi mkono wake uko tayari juu ya kipanya. Nikajiuliza: hawa, lini waliwahi kusikia haya? Utamwagaje mbegu juu ya sakafu ya vigae? Nikaimeza hotuba nzima, nikauliza swali la mwanafunzi.

"Mwalimu, mtu akijipa ruhusa ya kuingia sanduku la mwenzake, seva inaandika jina la nani?"

"La aliyejipa," mkufunzi akasema, kafurahi kupata hatimaye anayemsikiliza. "Jina, tarehe, saa. Na hilo halifutiki."

"Na mkaguzi wa kazi akija akaomba kuona nani aliingia kwenye sanduku la mtu aliyelalamika?"

"Ataonyeshwa. Ndiyo maana ya kumbukumbu."

Mkono wa Sawa-Bosi ukatoka juu ya kipanya kama kilikuwa na moto.

"Vyeti," meneja akasema, "wewe ndiye mkubwa wao."

"Bosi, mimi hapa niko kwenye upande wa nadharia zaidi."

"Wewe."

Mafua akapiga chafya. "Samahani, bosi. Hii baridi. Naogopa kubofya pasipostahili."

"Haya, wewe mwanangu, hujawahi kuniangusha."

"Sawa bosi," akasema Sawa-Bosi, bila kusogea. "Sawa kabisa. Ila ningeomba maandishi kidogo. Mstari mmoja tu kwamba ni wewe umeagiza. Si kwa ubaya."

Meneja akageuka rangi. "Si kuna ile akaunti ya wote?"

"Ilifungwa, bosi," Vyeti akasema kwa unyenyekevu. "Ulitia saini."

"Ifunguliwe."

"Anayeifungua naye anaandikwa," mkufunzi akaeleza, bado anadhani ni somo. "Lakini, mheshimiwa, kwa nini usijipe ruhusa wewe mwenyewe? Ni kubofya mara moja. Utaandikwa wewe tu."

Akamgeuzia kompyuta. Kishale kilikuwa kinasubiri chini ya jina la mdogo wangu. Meneja alikitazama muda mrefu. Mtu aliyefukuza wajawazito kwa simu, akashindwa na kitufe.

"Tuendelee na mada nyingine," akasema. Akatoka.

Wakati wa chai usingewatambua wale watatu. Vifua mbele.

"Mimi nilisema moyoni, hapana, huyu dada ni mwenzetu," Vyeti akawa anamsimulia mhudumu wa chai.

"Mimi nilikataa kwa chafya," Mafua akasema. "Kuna kukataa na kukataa."

"Wakili, umeona tulivyosimama?" Sawa-Bosi akanipiga bega.

"Nimeona mlivyokaa," nikamwambia. Akacheka, akadhani ni mzaha.

Wakaguzi walikuja, maelezo ya watu wa gundi wakayapata yote, na wenyewe wakaitwa mmoja mmoja wakayasema kwa midomo yao, kila mtu na kikohozi chake. Chumba cha gundi kikafungwa mpaka kitiwe mashine za kuvuta hewa. Hakuna aliyefukuzwa.

Nilikwenda kwa mdogo wangu nikamweleza yaliyotokea kwenye mafunzo, na jinsi ninavyowadharau wale watu leo kuliko jana. Alinisikiliza huku anamfunga mtoto viatu.

"Kwa hiyo hotuba hukuitoa."

"Ningemtolea nani? Kuna mtu mle?"

"Kaka, wewe umehutubia getini miaka yote, feni haikuzunguka. Waoga watatu wamekaa kimya asubuhi moja, watu wangu wamepona." Akakaza fundo. "Kesho uwaamkie."

"Siwaamkii."

"Basi uwape shikamoo."

Kesho yake nilipoingia walikuwa wanagombania nani achukue kiti kilicho mbali na kiyoyozi. Nikasema hamjambo. Mafua alishtuka, akauliza kuna nini, bosi kasema nini tena.