Sketi ya Shangazi Kwenye Plaiwudi

Baba alinipa nafasi moja tu. Plaiwudi nitakayoiunganisha kwa gundi yangu ya unga wa soya ingechemshwa kwenye sufuria, na ikiachia, nirudi kupiga msasa na nisimsumbue tena na hayo "mapishi" yangu.

Basi nikapanga mbao nyembamba kama kadibodi, nyuzi za moja zikikatiza nyuzi za nyingine, na kila tabaka nikalipaka gundi. Kwenye karakana yetu, majiliwa ya kubania yakipungua, kazi huachiwa makalio. Anakalia aliye mzito kuliko wote, na cheo hicho hakijawahi kumponyoka shangazi, dada yake Baba.

Akajitua juu kwa madaha, akafungua mfuko wa karanga. "Mwanangu, hapa haipiti hata hewa."

Gundi ilichuruzika pembeni. Mimi ndiye niliyepaswa kuifuta, lakini shangazi alikuwa anasimulia umbea, nikacheka mpaka nikasahau.

Jioni Baba aliingia. "Dada, inuka tupime."

"Niko sawa hapa."

"Inuka basi."

"Wewe, nimekubeba mgongoni. Usiniharakishe."

Ila macho ya shangazi yaliniomba msaada. Nikamshika mikono, nikavuta. Shangazi akainuka, na plaiwudi ikainuka naye, imeng'ang'ania sketi yake ya maua.

Nilicheka mpaka nikakaa kwenye vumbi la mbao. Hata Baba midomo ilimcheza. Tulimkata sketi kwa mkasi, tukamfunga aproni mbili, moja mbele, moja nyuma.

Kicheko kilinikauka Baba alipokata kwa msumeno kipande chenye maua, akakitumbukiza kwenye maji yanayotokota. Tukasubiri, shangazi akinong'ona dua. Hatimaye Baba akakitoa kwa koleo, akachomeka patasi kati ya matabaka, akaigonga kwa nyundo.

Kipande kikapasuka. Nikajiona nimeshika msasa maisha yangu yote.

Baba akakisogeza dirishani, akakipapasa kwa kidole gumba. "Mbao ndiyo imechanika," akasema taratibu. "Gundi haijaachia."

"Na sketi yangu?" shangazi akauliza.

"Nayo haijaachia."

Nikamrukia Baba shingoni nusura nimwangushe.

"Kesho changanya ndoo nzima," akasema akihema. "Sijui tu atakalia nani."

Shangazi akaivuta aproni ya nyuma. "Mimi, nani mwingine? Ila nitavaa suruali yako."