Msiba wa Gereji

Siku Faraj alipofariki, unga wa mandazi alioukanda usiku ulikuwa umeumuka hata ukapita ukingo wa beseni, na ndani ya nyumba nzima hapakuwa na mtu aliyejua aufanye nini. Muatasim alishuka kutoka ghorofani tayari kwenda kazini, wizarani Al Khuwair, akakuta jiko baridi. Akaenda kugonga mlango wa chumba cha nyuma. Faraj alikuwa amelalia ubavu wa kulia, mkono chini ya shavu, kama mtu aliyejipumzisha akingoja maji yachemke. Kabla ya adhuhuri alikuwa ameshazikwa.

Nyumba yenyewe iko Al Khoudh, pembeni mwa Maskati, na wenyewe ni watu waliotoka Unguja. Faraj alitoka nao. Siku walipoondoka alikuwa kijana wa miaka ishirini, na ndiye aliyembeba mabegani Saud mdogo, ambaye sasa ni Ami Saud, mkurugenzi mstaafu na mkubwa wa ukoo. Bibi yake Faraj, mzaa mama, alinunuliwa na babu mkubwa wa ukoo. Jambo hilo halikufichwa wala halikutajwa. Faraj alipika, akaendesha gari, akalea watoto wa nyumba ile kizazi baada ya kizazi, na Muatasim, aliyefiwa na baba yake mapema, alilelewa naye kuliko wote. Alimfundisha kuogelea kule pwani ya Yiti, akimshika tumbo kwa kiganja kimoja. Alimfundisha pia njia za Mjini, kutoka Mkunazini hadi Darajani, duka kwa duka, nani aliuza nini na nani alikuwa mkali kwa watoto, hata Muatasim, ambaye hajawahi kukanyaga Unguja, angeweza kuipita njia ile amefumba macho.

Jioni ya mazishi Muatasim alimwuliza ami yake sabla ifunguliwe saa ngapi kwa watu wanaokuja kuhani msiba. Sabla ni ukumbi wa ukoo. Wao wameijenga ubavuni mwa nyumba, na humo ndimo wanaume hupokelewa kwa harusi na kwa msiba. Ami Saud alisema sabla ina shughuli. Kila Alhamisi hutoa darsa humo kuhusu dola ya wazee wao, ile iliyoshika pwani mbili za bahari, na kwa nini ilianguka. Viti vilikwisha pangwa.

"Faraj mwekeeni gereji," alisema. "Kuna feni."

"Ami, huyu ametulea sote."

"Nnajua. Alinibeba mie kabla hajakubeba wewe. Faraj ni wetu, Muatasim. Lakini si sisi."

Alisema kwa upole, kama anayemkumbusha mtu kwamba kesho ni Ijumaa.

Basi magari yakatolewa, mazulia yakatandikwa juu ya madoa ya oili, vikaletwa viti vya plastiki, tende, halua na chupa za kahawa. Walikuja majirani, mwenye duka la pembeni, na madereva wa mtaa mzima waliozoea kupiga soga na Faraj chini ya ukuta. Walisoma, wakanywa, wakaenda zao.

Siku ya pili, baada ya Magharibi, walianza kuja wengine. Wa kwanza alikuwa amelowa mpaka magotini, akaomba radhi kwa ajili ya zulia. Alitoka Gwadar, alikuwa mvuta kamba bandarini, na alikufa kabla baba yake Muatasim hajazaliwa. Muatasim alimwuliza kama alimjua Faraj. Alisema hakumjua.

"Tumesikia kuna msiba," alisema, "na kwamba mtu akija anapewa pahala pa kukaa."

Muatasim alimpa kiti. Nyuma yake aliingia karani wa forodha wa Bandar Abbas, kisha ndugu watatu wa Kilwa waliokataa viti wakataka mkeka mmoja. Mpagazi wa Tabora alichelewa getini kwa sababu alikuwa na pembe ya ndovu begani, na alitaka kujua kama ikiachwa nje itaibiwa. Muatasim alimwambia mtaa ni salama. Mpagazi akaitua, akaegemea ukuta kwa muda, akinyoosha shingo upande huu na upande ule, ndipo akaingia. Wanawake waliofuatana nao walipitishwa jikoni kwa Nawar, mke wa Muatasim.

"Hawa marehemu wako wanakula kuliko walio hai," Nawar alimwambia mumewe alipokuja kuchukua sinia. "Na yule wa Pemba kanitia ila kwenye wali. Ati tui langu jepesi."

"Na wewe umemwambiaje?"

"Nimwambie nini? Tui lilikuwa jepesi."

Siku za kuhani zilikwisha, na wageni waliendelea kuja, kwa hivyo mazulia hayakukunjwa. Muatasim alikuwa akirudi kutoka wizarani moja kwa moja mpaka gereji, hata hajapanda juu kubadili kanzu. Mle mlikuwa na harufu ya karafuu, ya mbata, na ya kamba zilizolowa. Jioni moja mshona viatu wa Darajani alimsikia akihesabu maduka ya njia ile, akamsahihisha: baada ya muuza kahawa alikuwapo kwanza muuza vibatari, ndipo linakuja duka la vitambaa. Faraj alikuwa amemruka muuza vibatari miaka yote. Mshona viatu alisema huenda waligombana. Muatasim alicheka, mara ya kwanza tangu mazishi, kisha akainamisha uso muda mrefu akishughulika na kokwa ya tende.

Wakati huohuo ramani ya sabla ilianza kupungua. Ilikuwa imechorwa ukutani, pana kama ukuta wenyewe, bahari ya buluu na milki yote ya kijani. Asubuhi baada ya yule mvuta kamba kuketi, Gwadar haikuwapo. Pahala pake palikuwa bahari. Ikafuata Bandar Abbas, ikafuata Kilwa. Mpagazi alipoketi ilikwenda Tabora na njia nzima ya kufika huko, na bahari ikaingia ndani ya bara kama iliyokuwako siku zote. Ami Saud alisema ni unyevu. Alimwita Saeed mchoraji kutoka Ruwi, naye akairudisha Kilwa kwa rangi nzuri ya mafuta. Alasiri ilikuwa imekauka. Ilipofika Isha haikuwapo tena. Saeed aliirudisha tena, kisha akasema yeye ni mchoraji tu, na kwamba kazi iliyobaki ni ya fundi wa ukuta.

Darsa hazikusimama. Wiki moja Ami Saud alieleza kwamba dola ilianguka kwa sababu ya ndugu wawili waliogawana nyumba ya baba yao. Wiki nyingine ilikuwa meli za moshi, kisha Waingereza, kisha bei ya karafuu. Alikuwa mtu wa haki katika elimu, na aliposikia gereji imejaa watu wa dola yenyewe, alimtuma Muatasim akawaulize.

Karani wa Bandar Abbas alisema yeye hakuona kitu kikianguka. Alifungua ofisi kila asubuhi, na ikafika asubuhi ambayo hakuna aliyekuja kumwuliza hali. Mpagazi wa Tabora alitaka kwanza aambiwe dola ni ipi. Muatasim alimweleza kadiri alivyoweza, kutoka pwani ile mpaka maziwa makuu.

"Mimi sikuambiwa kama nimo," mpagazi alisema, akaomba kahawa nyingine.

Ami Saud alipopelekewa majibu hayo alisema mapokeo ya bara yana udhaifu.

Alhamisi iliyofuata Faraj naye alikuja. Aliingia pamoja na watu wa Lamu, kanzu nyeupe, kofia yake ileile, akishuka kizingiti kwa taratibu kwa sababu ya magoti. Muatasim alimpisha kiti chake. Faraj aliuliza kama watoto wamekula. Aliwasalimu wageni mmoja mmoja, akanywa finjani mbili za kahawa, kisha akamsogelea Muatasim sikioni.

"Nnataka kukaa mle ndani," alisema. "Mara moja tu. Miaka yote nimeingia mle, sijakaa."

Ilikuwa kweli. Katika sabla anayemimina kahawa husimama, na aliyekuwa akimimina siku zote ni Faraj. Muatasim alimshika mkono wakapita mlango mdogo unaotoka gereji mpaka uani.

Sabla ilikuwa imejaa. Ukutani kulibaki Maskati tu, kidoa cha kijani kwenye buluu tupu, na Ami Saud alikuwa akionyesha kwa fimbo mahali ilipokuwa Mombasa. Wanaume waliokaa karibu na mlango walisogea kidogo, ikapatikana nafasi ya mtu mmoja, kisha wakamtazama Ami Saud.

"Faraj," alisema Ami Saud, na uso wake ulikunjuka. "Magoti yako vipi? Afadhali umekuja. Tangu uondoke hapa hatunywi kahawa, tunamwagiwa." Watu walicheka. Akalichukua dele la kahawa lililokuwa mezani, akampa.

"Ami," alisema Muatasim, "Babu Faraj amekuja kukaa."

"Atakaa. Gereji si mmemtayarishia vizuri?"

Faraj alilitazama dele lililokuwa mkononi mwake. Kisha akaanza upande wa kulia, dele mkono wa kushoto, finjani mkono wa kulia, akimimina kidogo kidogo kama inavyotakiwa, bila kumwaga tone. Alipofika kwa Muatasim, Muatasim alinyoosha mkono akapokea, kwa kuwa ndivyo alivyozoea, na alikuwa ameshakunywa kabla hajajua amefanya nini. Ami Saud alikunywa tatu, akaitikisa finjani kuonyesha imetosha. Faraj alilirudisha dele mezani, akaufuta mdomo wa dele kwa kitambaa, akatoka. Nafasi iliyoachwa karibu na mlango ilizibwa na mtu aliyechoka kukunja miguu. Ile Maskati ikawa bahari.

Ami Saud aligeuka, akautazama ukuta wote wa buluu. Aliomba kiyoyozi kiongezwe, akaendelea na darsa.

Muatasim alijaribu tena kumwombea Faraj pa kukaa mwezi uliofuata, na baada ya Ramadhani akajaribu tena. Ami yake alimsikiliza mara zote mbili mpaka mwisho.

Siku hizi Faraj huja kila Alhamisi baada ya Magharibi. Hukaa gereji na wenzake mpaka simu ya Muatasim ilie. Ujumbe ni wa Ami Saud, nao ni uleule: Mlete Faraj. Faraj huinuka, akapita uani, akawamiminia wote akiwa amesimama, kisha akarudi.