Chumba cha Magharibi cha Honora Devaney

Katika ukoo wa Devaney hakuna mtu anayeongeza chumba upande wa magharibi wa nyumba. Huko Mayo, Ireland, walikotoka, inajulikana kwamba anayefanya hivyo anajiona ana nguvu kuliko Mungu, na Mungu hachelewi kumsahihisha. Mjomba wake Honora aliongeza zizi upande huo akafa kabla hajaliezeka. Kwamba alikuwa amepita miaka tisini ni jambo ambalo ukoo hauoni sababu ya kulitaja.

Honora alifika Nebraska akiwa mjane, pamoja na binti yake Delia, majembe mawili, na chungu cha chuma chenye makaa ya moto. Moto huo alipewa mjini Omaha na mwanamke wa kwao, ambaye naye alipewa na mwingine, na haukuwa umezimika hata mara moja. Kila jioni Honora aliufunika kwa majivu na kuuombea dua. Kila asubuhi aliufukua.

"Nyumba ni moto," alizoea kusema. "Kuta ni za kuzuia upepo tu."

Serikali ilimpa ardhi kwa masharti mepesi. Ulime, ujenge nyumba, ulale ndani yake miaka mitano, kisha uape mbele ya ofisa wa ardhi pamoja na mashahidi, na ardhi ni yako. Kule Mayo watu wake walikuwa wamelala katika ardhi ya bwana mkubwa tangu enzi za mababu, na bado walifukuzwa asubuhi moja kabla ya uji. Honora aliona miaka mitano si kitu.

Kabla ya kujenga alifanya kama wazazi wake walivyofanya. Aliokota mawe mtoni, akayapanga mafungu manne pale ambapo pembe za nyumba zingekuwa, akayaacha yalale. Mawe yakisimama hadi asubuhi, jenga. Yakianguka, umeziba njia ya Wale Wema, wenyeji wasioonekana ambao jina lao halisi halitajwi, na ukijenga hapo utajuta. Asubuhi mawe yalikuwa chini. Akasogea mashariki. Yakaanguka. Akasogea tena, na tena, huku Delia akibeba mawe. Mwishowe yakasimama. Hapo Honora akajenga nyumba ya mapande ya udongo wenye mizizi ya nyasi, mlango mmoja, dirisha moja la kioo, na meko upande wa mashariki. Akamwaga makaa yake mekoni, akahesabu kuwa amefika.

Mambo yalikwenda vizuri, yaani nzige walikuja mwaka mmoja tu. Kisha, katika mwaka wa tano, siku ya kiapo ikiwa imepangwa majira ya kuchipua, alikuja jirani wa mashariki, Cornelius Brosnan, kapera wa kutoka Kerry, huko huko Ireland, mwenye ndevu nyingi na maneno mengi zaidi. Alikuwa amefunga kitambaa kwenye gurudumu la gari lake la ng'ombe, akaendesha kutoka kwenye nguzo ya mpaka huku akihesabu kila kitambaa kilipopita juu, ili apime umbali.

"Mungu aibariki nyumba hii," alisema mlangoni, maana hata mgomvi husalimia.

"Na wewe akubariki. Futa miguu."

"Naibariki kwa moyo wote, Bibi Devaney, kwa kuwa ni yangu. Mpaka unapita nje ya ukuta wako wa magharibi, pale kwenye pipa la maji. Miaka yote hii umelala kwangu. Ningekuwa mtu wa kusengenya, ningesema tumeishi pamoja."

"Ungesema, nani angeamini? Hayo mawe ndiyo yalinileta hapa."

Brosnan alicheka mpaka akashika mwimo wa mlango. "Mawe! Mama wa watu, mawe yako yaliangushwa na fahali wangu. Alikuwa na upele. Alikuwa akijikuna kwenye kila kilichosimama."

"Na nani alimtuma?" Honora aliuliza.

Brosnan aliacha kucheka. Kule Kerry swali hilo nalo halina jibu.

"Vyovyote vile," alisema. "Usipolala katika ardhi yako kabla ya siku ya kiapo, ardhi inarudi serikalini, nami nitakuwa wa kwanza kwenye foleni. Mjerumani angeongeza chumba ng'ambo ya mpaka, mambo yakaisha. Lakini ng'ambo ni magharibi, na wewe ni mtu wa kwetu."

Akaaga vizuri, akaenda zake.

"Tujenge nyumba nyingine mbali, mama," alisema Delia.

"Kwa mbao zipi? Boriti ya paa ni hiyo moja, na hakuna mti kutoka hapa hadi mtoni. Kuta mpya zitaegemea za zamani, la sivyo hatuna paa."

"Basi ni chumba cha magharibi."

"Nimesikia."

Kwa siku kadhaa Honora alikaa mekoni akisokota nyasi kavu za kuchoma. Delia alimjua mama yake. Alimpikia viazi akamwacha. Jumapili, baada ya sala, Honora alisimama, akavaa buti, akaenda kwa Hruska, Mcheki aliyekuwa na plau ya kukatia udongo.

Walijenga kabla ya theluji. Brosnan alipoona kuta zinapanda alikuja mbio, na safari hii alisahau kubariki chochote.

"Mwanamke wewe! Unaongeza upande wa magharibi!"

"Mimi? Siongezi kitu. Najenga nyumba." Honora aligonga pande la udongo likakaa. "Ikishakwisha nitahamishia moto humu. Moto ukishakuwa humu, hii ndiyo nyumba, na kile cha kwako kitakuwa chumba kilichoongezwa. Kiko upande gani, Cornelius?"

Brosnan aliangalia jua, kama mtu anayetumaini kuwa limebadilisha njia.

"Mashariki," alisema.

"Mungu hana neno na mashariki."

Hruska, ambaye alikuwa amesimama na jembe, aliuliza kama Waayalandi wote wako hivi. Delia akamwambia hawa wawili ni wale wenye akili. Wengine walibaki nyumbani.

Honora alihamisha makaa kwa koleo, akipita kwenye mlango uliotobolewa ukutani, bila kugeuka nyuma. Akahamisha kitanda baadaye, kama kitu kisicho na maana sana.

Lakini Brosnan hakuwa mtu wa kushindwa na makaa. Alihamia katika chumba cha zamani kabla ya Krismasi, akaziba mlango wa katikati kwa gunia, akawasha moto kwenye meko ya zamani. Kama moto unawaka mashariki, basi nyumba ni huko, na Bibi Devaney analala katika nyongeza ya magharibi, na kilichompata mjomba wake kitamfika.

Honora aliinua gunia. "Umewasha kwa kitu gani?"

"Kwa kiberiti."

"Moto wa kiberiti hauna mama," Honora alisema, akashusha gunia.

Majira yote ya baridi waliishi hivyo, ukuta kati yao, Honora na moto wake wa kale, Brosnan na moto wake wa dukani, ambao ulizimika kila mara upepo ulipogeuka. Delia alisikia kiberiti kikipigwa, kisha matusi ya Kikerry, kisha kiberiti tena.

Siku ya kiapo ofisa aliweka kalamu chini, akamtazama Brosnan aliyekuja kupinga.

"Unasema nyumba iko kwako."

"Nusu iko kwangu, bwana."

"Nusu iliyo kwake ina meko?"

"Ina."

"Na yako?"

"Ina."

"Moto unawaka katika zote mbili? Kumbuka umeapa."

Honora hakugeuka. Aliangalia ukutani, palipotundikwa ramani ya wilaya. Brosnan alikunja kofia yake, akaikunjua.

"Kwangu nimewasha kwa kiberiti, bwana," alisema mwishowe.

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo si moto wa nyumba. Nyumba iko kwake." Alisema kwa hasira, kama mtu anayeng'olewa jino. "Nimeapa kwa Biblia. Siwezi kusema vingine."

Ofisa hakuelewa, lakini hakuajiriwa kuelewa. Aligonga mhuri.

Asubuhi ya kwanza ya Mei, Brosnan aliinua gunia akiwa na sufuria mkononi. Moto wake ulikuwa umezimika tena, na safari hii, alisema, kiberiti nacho kimekwisha. Akaomba kaa moja.

"Leo?" alisema Honora. "Mama yako hakukufundisha kwamba atoaye moto siku ya kwanza ya Mei hutoa na bahati ya mwaka mzima?"

"Alinifundisha. Nilitaka kuona kama utasahau."

"Keti unywe chai."

Alikunywa chai. Kesho yake alirudi na sufuria ile ile, na Honora akampa makaa mawili, makubwa.

"Sasa huo ni mtoto wa huu," alimwambia. "Usije ukaniambia nyumba iko kwako. Mtoto hamzai mama."

"Hapana, Bibi Devaney," alisema Brosnan, akapita chini ya gunia akipuliza.