Tovuti Iliyowekwa Ndani

Tusitafute mchawi katika habari hii. Cletus alijiroga mwenyewe, tena kwa bidii, kwa miezi minane, ndani ya chumba cha uani pale Mtanda, Lindi mjini, mlango umefungwa.

Alikuwa karani wa chama cha ushirika cha korosho mpaka soko huria lilipoingia na makarani wakapunguzwa. Watu wakaambiwa wajiajiri, kana kwamba ajira ni maji ya kisima, kila mtu ashushe ndoo yake. Wenzake wakafungua magenge ya nyanya na dagaa. Cletus akaenda Mtwara kusomea kompyuta, akarudi na cheti na neno jipya mdomoni: tovuti. Angekuwa fundi wa tovuti wa kujitegemea, asiye na bosi wala mshirika. Kompyuta aliyoipata ilikuwa kuukuu, yenye kichogo kama cha televisheni ya zamani, na haikununuliwa kwa fedha yake. Ilinunuliwa kwa cherehani ya mkewe.

Restuta alikuwa akiwashonea nusu ya mtaa kwa cherehani ile. Ilipouzwa hakulia wala hakununa. Alisema atashona kwa mkono kwa muda, na kazi ya kwanza ikikamilika, cherehani irudi. Cletus akaapa mbele ya binti yao Valeria. Yote aliyoyafanya baadaye aliyafanya kwa ajili ya cherehani ile, na hapo ndipo panapouma.

Kazi ya kwanza ilipatikana. Bi Adija, mjane mwenye gesti ya vyumba kumi Kilwa Masoko, alitaka wageni wanaokwenda kutazama magofu ya Kisiwani wajue kwamba kwake kuna kitanda safi na chai ya tangawizi. Alisema ikimpendeza, atawaleta wenye gesti wenzake wote. Cletus alipoyasikia hayo aliona cherehani imeshafika mlangoni.

Sasa, mama yake Cletus alikuwa kungwi huko Mtama, na tangu utotoni alijua mwali anavyowekwa ndani. Hapiti njiani, haonwi na wapita njia, mpaka siku ya kutolewa, amepakwa mafuta, amevishwa nguo mpya, vigelegele kila upande. Cletus aliamini kazi nzuri hutolewa hivyo hivyo. Akaichukua tovuti ya Bi Adija, akaiweka ndani.

Bi Adija alipopiga simu kuulizia, aliambiwa asubiri. Alipopita Lindi akaomba aone hata kipande, aliambiwa bado haijawa ya kuonwa. Hata Restuta alipoingia na uji, mumewe alikifunika kioo cha kompyuta kwa khanga. Na huko chini ya khanga mambo yalizidi kunenepa: picha sitini za magofu, ngoma inayolia ukurasa ukifunguka, historia ndefu ya masultani, maandishi yanayotembea kutoka kushoto kwenda kulia. Kwenye kompyuta yake vyote vilifunguka mara moja, maana vyote vilikuwa mle mle ndani yake. Cletus alitazama peke yake, akajisifu peke yake.

Miezi hiyo hiyo, vijana wawili, Dativa na Ibrahimu, walianzisha kampuni changa katika chumba kimoja nyuma ya saluni. Kazi yao ya kwanza ilikuwa ukurasa mmoja wa gesti ya pale mjini: jina, picha moja ya kitanda, namba ya simu. Waliutoa katika wiki ya kwanza. Mwenye gesti akalalamikia rangi, wakaibadili. Mgeni akapiga kuuliza kama kuna chandarua, wakaandika kwamba chandarua kipo. Cletus alipouona ukurasa ule alicheka mpaka machozi yakamtoka, akasema wamemtoa mtoto nje na kitovu kibichi.

Ikafika siku ya kutoa. Cletus alikuwa ametuma sidii yenye tovuti ile kwa basi mpaka Dar es Salaam, kwa rafiki aliyempandishia tovuti hewani. Sebastiani, mwenye intaneti kafe karibu na stendi, alimsihi waijaribu kwanza. Cletus alikataa, akisema mle ndani mna macho mengi. Jumamosi asubuhi Bi Adija alishuka kwenye basi pamoja na wenye gesti wenzake wawili, Mzee Abdala na Bi Kadija. Restuta alikuwa amekaanga maandazi ya wageni, akabaki nyumbani kumalizia pindo la gauni la watu.

Pale kafe kwa Sebastiani, Cletus aliandika anwani ya tovuti, akasimama kando, mikono nyuma. Intaneti ya Sebastiani ilipita kwenye waya wa simu, nyembamba na yenye usingizi. Picha ya kwanza ikaanza kushuka kutoka juu, ukanda baada ya ukanda. Baada ya dakika kumi wageni walikuwa wameona mbingu na ncha ya ukuta. Kisha waya ukakatika, wakaanza upya na mbingu ile ile. Mzee Abdala alikula andazi la tatu.

Sebastiani, kwa kuona haya kwa niaba ya mwenzake, akafungua ukurasa wa akina Dativa kwenye kompyuta ya pembeni, wageni wapoteze muda. Ukafunguka kabla Mzee Abdala hajameza. Bi Adija akainama, akasoma namba, akatoa simu mkobani, akapiga pale pale. Akapokelewa. Akauliza bei ya chumba, akauliza kama asubuhi kuna chai, akakata simu huku akicheka kama msichana. Kisha akamuuliza Sebastiani ni nani waliotengeneza kitu kile.

Alipomgeukia Cletus alikuwa mpole kabisa. "Mwanangu, umetaabika sana, Mungu akulipe. Hii yako tutaitazama, inshallah."

Cletus alizaliwa na kukulia huku, hakuhitaji kutafsiriwa. Pwani mtu hafungiwi mlango kwa kishindo.

Alasiri alijikokota mpaka nyuma ya saluni. Viti vitatu vya plastiki vilikuwa bado vimepangwa mbele ya meza ya Dativa, na kwenye sahani palibaki andazi moja la Restuta. Dativa alimwamkia kwa adabu, akampa kiti, akamuuliza ni nani aliyewahi kuiona kazi yake kabla ya leo. Cletus alijibu kwamba hakuna.

"Sisi aibu tunaila kidogo kidogo, kaka, kila wiki," alisema Dativa. "Wewe umeiweka akiba mpaka imekuwa nyingi."

Hakusema kwa ubaya. Cletus alitamani angekuwa amesema kwa ubaya.

Nyumbani alimkuta Restuta amefagia kona ya dirishani na kuiweka pale stuli yake ya kushonea, tayari kwa cherehani. Cletus alisimama mlangoni akaeleza yote, mpaka waya ulivyokatika. Akasema sasa amejifunza. Kuanzia leo ataanza na ukurasa mmoja, atauonyesha mapema, atamsikiliza mwenye kazi. Restuta alimsikiliza, sindano mkononi, halafu akamuuliza atauanza na nani, kama Bi Adija amekwenda na wenzake wamekwenda naye.

"Basi nionyeshe na mimi," alisema Restuta.

Aliitoa khanga yeye mwenyewe, akaikunja. Ngoma ikalia, magofu yakajitokeza moja baada ya jingine, masultani wakapita, maandishi yakatembea. Alitazama mpaka mwisho. Kisha akauliza, kwa sauti ile ile anayowaulizia wateja wake kama wanataka mikono mirefu au mifupi:

"Baba Valeria, mgeni akitaka kumpigia Bi Adija, anapiga namba gani?"

Cletus alitafuta ukurasa wa kwanza, akatafuta wa pili, akapekua picha zote sitini. Namba haikuwepo popote. Hakuwa ameiandika.

Restuta akakifunika tena kioo kwa khanga. Akaichukua stuli yake, akaitoa dirishani, akarudi kwenye pindo la gauni la watu.